Vigae huvipendi na huwezi kuving'oa: ukuta wa jikoni uupake rangi gani?

Nyumba nyingi za kupanga hapa Malindi, kuanzia Barani mpaka Maweni na Ngala, unakuta jiko limeshakamilika kabla hujaingia. Vigae vimeshabandikwa, slebu imeshamwagwa, makabati yameshapigwa vanishi. Mwenye nyumba alichagua kwa macho yake, au alichukua kilichobaki dukani, na wewe ndiye unayepika mbele ya vitu hivyo asubuhi na jioni. Kung'oa huruhusiwi. Hata kama nyumba ni yako, kubomoa vigae na kubandika vipya ni pesa ambazo wengi wetu zina kazi nyingine, karo ikiwa ya kwanza. Kilichobaki mikononi mwako ni ukuta.

Hapo watu huanza kwa kujiuliza, "Mimi napenda rangi gani?" Naomba uligeuze swali: kile ninachokichukia kitatulia kando ya rangi gani? Ukuta unaweza kukifanyia kigae mambo mawili tu, kukitangaza au kukinyamazisha, na rangi uipendayo sana yaweza kuwa ndiyo mtangazaji. Nimezilinganisha hapa rangi ambazo watu wa huku huzichagua zaidi, kila moja ikiwa mbele ya kitu kinachokera, kwa sababu hakuna rangi nzuri ya jikoni inayosimama peke yake.

Kijue kwanza hicho unachokichukia

Kigae ukikiita "kahawia" hujasema kitu. Kuna kahawia inayovuta kwenye wekundu, kuna inayovuta kwenye manjano, na kuna iliyojaa majivu, yaani ukijivu. Chukua karatasi nyeupe isiyo na mistari, ibandike juu ya kigae mchana, dirisha likiwa wazi na taa zimezimwa. Kando ya weupe ule utaona kigae kinaegemea wapi. Fanya hivyo hivyo kwa kabati na kwa slebu. Nakusihi usiiruke hatua hii, kwa kuwa kila uamuzi utakaofuata unasimama juu yake.

Sababu yake ilielezwa zamani na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekuwa msimamizi wa utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Alipochunguza akaona weusi wenyewe hauna kasoro. Nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kando yake ndizo zilizoufanya uonekane dhaifu. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake: rangi mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, jicho huzidisha tofauti yao. Nyekundu kando ya kijani huzidi kuwa nyekundu, chungwa kando ya samawati huzidi kuwaka, cheusi kando ya cheupe huzidi kuwa cheusi.

Ukitaka kuona upande wa pili wa kanuni hiyo, nenda Marafa ukalitazame korongo la Nyari. Nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu zimelaliana tabaka kwa tabaka, na macho yanapita juu yake bila kukwama popote, kwa sababu zote ni udongo wa ukoo mmoja. Ukuta unaomnyamazisha jirani yake ni ukuta wa ukoo wake.

Vigae vya damu ya mzee: nyeupe pepe, krimu, kijani au mchanga?

Hivi ndivyo vigae ninavyoulizwa zaidi. Vinapanda mpaka kifuani nyuma ya sinki na jiko la gesi, na mara nyingi juu yake kuna ukanda wenye picha za zabibu au vikapu vya matunda. Shangazi yangu wa Shela ya hapa Malindi anavyo, na fundi alipofika yeye alikuwa ameshaamua.

"Baba, nipakie nyeupe. Nyeupe ni usafi."

"Sawa, mama. Lakini nyeupe hapa kitakachoonekana ni hivi vigae, si ukuta."

Tukakubaliana tupake kwanza vipande vya hadbodi, kila kimoja upana wa hatua ya mtu, mikono miwili ya rangi kila kimoja (yaani kipakwe mara mbili), tuvisimamishe juu ya vigae nyuma ya sinki. Kimoja nyeupe pepe, kimoja krimu, kimoja kijani kilichofifia, kimoja rangi ya mchanga iliyotiwa waridi kidogo.

Nyeupe pepe hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Kwa chumba chenye giza hilo ni jambo jema, lakini kando ya damu ya mzee lina gharama yake: kigae kikasogea karibu na weusi, na pale kilipoishia pakatokea mstari mkali unaokata ukuta nusu kwa nusu. Jicho linafuata mstari. Ukiingia jikoni kwa shangazi siku hiyo, kitu cha kwanza kukiona kingekuwa ukanda wa zabibu.

Krimu ndiyo rangi ambayo wenye nyumba huipaka bila kufikiri, na ina sifa nzuri ya kuficha vumbi. Shida ni kwamba krimu nyingi za dukani zinaegemea manjano. Kigae cha shangazi, kwa mtihani wa karatasi, kilivuta kwenye wekundu wenye zambarau. Manjano na zambarau hazipatani, kwa hiyo bodi ya krimu ikaonekana chafu ilhali imepakwa jana yake. Kigae chako kikiwa kahawia ya manjano, krimu hiyo hiyo itakufaa sana. Watu wawili hutumia kopo moja la rangi, mmoja akashukuru na mwingine akajuta, na tofauti iko kwenye kigae.

Kijani kilichofifia kinapendwa sana sasa hivi na mimi nakipenda. Lakini kijani ni kinyume cha nyekundu, na ile bodi ilivyosimama pale, vigae vilizidi wekundu. Kama kijani ndiyo raha yako, kipeleke kwenye ukuta usio na kigae hata kimoja, na kitiwe majivu ya kutosha mpaka ukikitazama kwa haraka usiwe na hakika kama ni kijani au kijivu.

Mchanga wenye waridi, rangi ya ukuta wa udongo uliokauka vizuri, ndiyo iliyotulia. Mstari wa juu ya vigae ulilegea. Weusi wa kigae ukarudi kuwa wekundu wa kawaida, na ule ukanda wa matunda ukawa kitu cha kutafutwa. Shangazi akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hii haina kelele." Alichagua hiyo. Chumba kilipungua mwanga kidogo, ni kweli, na tulifidia kwa kupaka dari nyeupe.

Kuhusu ukanda wenye picha: usichukue rangi ya ukuta kutoka kwenye tunda. Ukipaka ukuta zambarau ya zabibu, umezitengenezea zabibu jukwaa. Chukua rangi ya nyuma ya picha, ile iliyojaa eneo kubwa la kigae ambayo hakuna anayeitazama.

Na chini ya slebu, kama hakuna milango ya kabati, pazia la leso linafanya kazi ambayo rangi haiwezi. Tafuta leso ambayo pindo lake lina wekundu wa kigae na mji wake, yaani katikati yake, una rangi iliyo karibu na ukuta. Kigae hapo kinakuwa mwanachama wa jiko. Shangazi alipata ya nyekundu nzito na maziwa, akaikata katikati, akaining'iniza kwa uzi wa mpira.

Makabati yaliyogeuka chungwa

Mbao ya mkangazi, mbambakofi au hata saipresi ikipigwa vanishi ya mafuta, vanishi hiyo huendelea kugeuka manjano miaka inavyopita. Matokeo yake ni makabati mazito ya chungwa ambayo mbao yake ni nzuri ila rangi inachosha.

Mtu wa pwani hapa mkono unamwendea samawati. Bahari iko pale, na anataka jiko la bahari. Samawati ya wazi, na feruzi pia, ni kinyume cha chungwa karibu kabisa, kwa hiyo makabati yatawaka kuliko siku uliyohamia. Kama unayachukia kwa kuwa ni chungwa mno, hii ndiyo rangi mbaya kuliko zote. Lakini kuna wanaoyachukia kwa sababu mbao imepauka na kufa, hasa kabati lililopigwa na jua la dirishani. Kwa hao samawati ni dawa, inairudishia mbao uhai. Tazama vizuri ni lipi linalokuudhi kabla hujachagua upande.

Kinachoshindana nayo ni kijani cha mzaituni, chenye manjano ndani yake. Manjano hiyo ni jirani wa chungwa, kwa hiyo kabati na ukuta vinashikana, na kijani kinabaki kutosha kupooza joto la chumba. Kwa makabati ya namna hii mimi ningechagua mzaituni mwepesi kabla ya kitu kingine chochote. Nyeupe iliyopozwa kwa tone la manjano inafuata kwa karibu, na ni salama zaidi kwa jiko dogo. Nyeupe pepe hapana: inaifanya mbao ionekane nzito, na madoa ya mafuta kandokando ya vishikio yanajitokeza.

Zafarani na chungwa jepesi zinanyamazisha kabati kwa kulimeza kabisa. Nimeiona ikipendeza kwenye jiko lenye giza lililoelekea ua wa nyuma. Kwenye jiko lenye jua la jioni sikushauri, maana joto la macho litaongezwa juu ya joto la moto, na mwezi wa Machi hapa Malindi hakuna anayelihitaji.

Vigae vya samawati na kijani vya chooni

Hapa nyeupe inarudi na heshima yake. Kuna majiko yaliyobandikwa vigae vya aina ya chooni. Vigae hivi huwa vyepesi na baridi, kwa hiyo nyeupe yenye ubaridi kidogo iko karibu navyo kwa mwanga, na mstari hauonekani. Kijivu chepesi pia kinafaa. Krimu na mchanga ndizo za kuepuka: ukuta utaonekana wa zamani na kigae kitaonekana cha bafuni, yaani vyote viwili vitaharibika. Kwa hiyo usiishike "nyeupe hapana" kama sheria. Sheria ni ukaribu, na kigae chepesi kiko karibu na nyeupe.

Slebu ya terazo au ya mawe meusi

Terazo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndani yake rangi zimeshachaguliwa. Inama uitazame kwa karibu, utaona chembe za waridi, kijivu, maziwa, pengine nyeusi. Chukua chembe iliyo nyepesi kuliko zote, ndiyo rangi ya ukuta. Slebu nyeusi yenye madoadoa ni ngumu zaidi, maana karibu kila ukuta uko mbali nayo. Rangi za kati, kama kijivu chenye joto au mchanga uliokolea, zinapunguza umbali, nyeupe inauongeza.

Mabomba yanayopita nje ya ukuta na vile vibomba vya plastiki vinavyobeba waya za umeme usivifikirie sana, vipake rangi ya ukuta vipotee humo. Soketi na swichi ziachwe kama zilivyo.

Dirisha na taa zinaweza kubatilisha yote

Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linahama upande juu yetu. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba liko kaskazini, na dirisha la kaskazini ndilo linalolipata. Miezi inayobaki ni zamu ya dirisha la kusini. Rangi uliyoijaribu Januari haitakuwa na sura ile ile Julai. Dirisha la mashariki, la upande wa bahari, lina mwanga mkali wa asubuhi kisha hupoa. La magharibi ndilo lenye matatizo, kwa kuwa jua la jioni ni la chungwa na linaingia wakati ule ule unaopika. Makabati ya chungwa yakitazamana na dirisha la magharibi, ongeza majivu kwenye rangi yoyote uliyokusudia.

Taa nazo. Zile nyeupe zenye ubuluu zinazojaa madukani huandikwa Kelvini 6500, Kelvini ikiwa kipimo cha rangi ya mwanga. Zinafanya mbao ionekane kama ina vumbi, na mchanga wenye waridi hugeuka kijivu cha huzuni. Taa ya Kelvini 3000 inaamsha wekundu na chungwa, jambo ambalo hulitaki kama ndizo unazozikimbia. Kelvini 4000 ni ya katikati na ndiyo ninayoipendekeza kwa jiko lenye kitu cha kunyamazisha. Kubadilisha taa ni rahisi kuliko kupaka rangi upya, kwa hiyo badilisha taa kwanza, kisha ndipo usimamishe bodi zako.

Bodi zitazame asubuhi, adhuhuri, na baada ya magharibi taa ikiwa imewashwa. Zikae mahali zitakapokaa, zikigusa kigae. Kipande cha karatasi cha dukani ni kidogo mno. Rangi ikijaa ukuta mzima hukolea kuliko ulivyoiona kwenye kipande, na ndiyo maana mara nyingi huwa nachagua hatua moja nyepesi kuliko ile iliyonivutia.

Rangi ya maji, ya mafuta, au chokaa

Rangi moja ina sura tofauti kulingana na mng'ao wake. Rangi ya maji isiyong'aa inaficha plasta mbovu na haimuliki kigae, ila bizari na mafuta ya viazi vya karai vikiirukia haitoki. Rangi ya maji yenye mng'ao wa hariri inafutika kwa kitambaa chenye sabuni na ndiyo ya kuchagua kwa jiko. Rangi ya mafuta inaoshwa kuliko zote, lakini inaakisi: vigae vya damu ya mzee utaviona tena ndani ya ukuta unaong'aa, umevizidisha badala ya kuvipunguza. Tena nyeupe ya mafuta hugeuka manjano mahali pasipopata mwanga, nyuma ya kabati au friji. Ukiitaka, iishie kwenye eneo dogo karibu na moto, kwa rangi ile ile ya ukuta uliobaki.

Kama ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi, usipake juu yake. Upangusie kwa brashi kavu, usiuoshe, tafuta maji yanatoka wapi, uuache ukauke, kisha upake prima inayostahimili ukali wa plasta. Na plasta mpya isubiri wiki 4 hivi.

Aliye Lamu, ndani ya Mji wa Kale uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ana hesabu nyingine. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Rangi ya plastiki, kama hizo za maji za dukani, inaziba njia hiyo. Chumvi inajikusanya nyuma yake mpaka rangi inabanduka vipande vipande. Chokaa inauacha ukuta upumue na ukali wake haupendwi na kuvu. Inapakana ikishikwa kwa nguvu, na haioshwi, kwa hiyo nyuma ya jiko weka kitu kinachofutika. Rangi zinazostahimili chokaa ni zile za madini, manjano, nyekundu na kahawia za udongo, ambazo kwa bahati ndizo zinazonyamazisha mbao na vigae vya kahawia. Samawati iliyokolea juu ya chokaa ni ngumu zaidi kuipata. Nyumba nyingi za mawe jiko liko juu kabisa, karibu na dari la makuti, mwanga ni mwingi, na chokaa yenye tone la manjano hapo haimchomi mtu macho kama nyeupe tupu.

Kwa kipimo cha ununuzi: jiko la mita 3 kwa 2.5 lenye kimo cha mita 3, ukitoa vigae, mlango na dirisha, hubakiwa na mita 22 hivi za mraba. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili itakula kopo la lita 4 na jingine la lita 1 lenye kubakiza kidogo. Yote yachanganywe siku moja, kisha fundi ayamimine kwenye ndoo moja ayakoroge pamoja kabla hajachovya rola, maana makopo mawili ya namba moja yanaweza kutofautiana kidogo na kwenye ukuta wa jikoni tofauti hiyo itaangukia hasa juu ya sinki. Kazi ifanywe kabla ya masika. Namba ya mchanganyiko iandike kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati, na kile kilichobaki kifungwe vizuri kwenye chupa ndogo, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya jiko la gesi itahitaji kuguswa kabla ya kwingine kote.